Msaada Umepungua, Dawa za VVU Zipo: Usikae Nyumbani

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya tiba na matunzo, yaani CTC, mkoani Mbeya. Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, ninaulizwa maswali yaleyale, na wengine wanakuja kuuliza wakiwa wamechelewa.

Ni kweli dawa za VVU sasa tunalipia?

Hapana. Dawa hizi, yaani ARV, zilianza kutolewa bure nchini Tanzania mwaka 2004, na bado ni bure. Mtu akikudai hela ya dawa hizo, nenda moja kwa moja kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo.

Kama ni bure, nani analipa?

Serikali inalipa mishahara ya waajiriwa wake na kuendesha vituo. Sehemu kubwa ya fedha za dawa na vipimo imekuwa ikitoka nje: Mfuko wa Dunia, na Marekani kupitia PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI ulioanza mwaka 2003. Ndani tunao Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI, ulioanzishwa kwa sheria mwaka 2015, nao bado ni mdogo kuliko mzigo wenyewe. Huku kwetu mzigo ni mzito: utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wa miaka 15 na zaidi nchini wana VVU, lakini Njombe ni asilimia 12.7. Iringa na Mbeya nazo ziko juu.

Sasa kilichopungua ni nini?

Hapa kwetu, ni watu. Wale vijana wa mikataba ya miradi waliokupigia simu ukikosa tarehe, wakapanda bodaboda mpaka kijijini kukutafuta, wamebaki wachache. Zamani ukipotea tulikufuata. Leo uje mwenyewe, na foleni utaikuta ndefu. Inaniuma, sifichi. Kata yako ina kamati ya kudhibiti UKIMWI, na WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU, wana Konga, mtandao wao wilayani. Muulizeni diwani halmashauri imetenga shilingi ngapi mwaka huu kwa kufuatilia wagonjwa. Ni haki yenu kuuliza.

Si bora nibane dawa, leo nameza, kesho naruka, zisije zikaisha?

Hapana. Narudia: hapana.

Mama mmoja, mkulima wa mpunga, alikuja siku yake ya kliniki na kopo la vidonge 30 ambalo lilipaswa kuwa limeisha. Tulivimwaga mezani tukahesabu pamoja. Vilibaki 14. "Nimetunza akiba, nesi," akaniambia, tena kwa furaha. Mtoto alikuwa mgongoni, bado ananyonya. Tulipopima wingi wa virusi, vilikuwa vimepanda.

Kidonge kile kimoja kina dawa tatu ndani yake na kinamezwa kila siku. Ukirukaruka, virusi vinaamka na kuizoea dawa. Huo ndio usugu. Ukishafika hapo unahamishiwa dawa nyingine zilizo ghali zaidi. Hiyo siyo akiba, mama. Na yule mtoto anayapata maziwa yenye virusi.

Na kugawana na mume wangu?

Hapana. Kopo moja, mtu mmoja. Kuna wanaume wanajificha nyuma ya kadi za wake zao kwa sababu wanaona aibu kuonekana dirishani. Baba, njoo upimwe. Ukikutwa na VVU unaweza kuanzishiwa dawa zako siku hiyohiyo.

Najisikia mzima. Nisubiri habari za wafadhili zieleweke?

Hapana! Mzima unajisikia kwa sababu unameza. Ukiacha, virusi vinaanza kupanda ndani ya wiki chache, na wewe husikii kitu. Baadaye kinakuja kifua kikuu, inakuja homa ya uti wa mgongo. Waliotupa dawa mwaka 2011 baada ya kunywa kikombe cha Loliondo, ile dawa ya mitishamba ya Babu iliyodaiwa kuponya, nao walijisikia wazima, mpaka wengine tukawapokea wakiwa wamebebwa. Mambo ya wafadhili yafuatilie redioni huku unameza.

Naenda Mafinga kwenye mbao, tarehe yangu itanikuta huko.

Tuambie kabla hujapanda gari. Kama virusi vimefubaa, yaani vimepungua sana mwilini, unaweza kupewa dawa za miezi 3 hadi 6. Zikikuishia huko, ingia CTC yoyote ukiwa na kadi yako.

Nimeacha miezi minne, naogopa kugombezwa.

Njoo kesho asubuhi. Usisubiri mvua ziishe wala mahindi yavunwe. Kadi imepotea? Njoo hivyohivyo, jina lako tutalitafuta kwenye rejista. Lete na kopo, hata kama lina vidonge vya zamani. Tutakuchunguza kifua kikuu kwanza, kisha tutapanga namna ya kukurudisha kwenye dawa. Akitokea mtumishi akakugombeza, muulizie mfawidhi alipo, uketi palepale mpaka uonwe.