"Kwetu walemavu hawako wengi": dhana potofu ninazokutana nazo katika utafiti Bukavu

Juzi mwanafunzi mwingine aliniletea rasimu ya kazi yake ya mwisho, na ukurasa wa pili nikakuta sentensi ile ile: "Katika mtaa wetu watu wanaoishi na ulemavu ni wachache sana." Nimeisikia kwa wakuu wa avenyu, yaani wa mitaa midogo. Nimeisikia pia kwa wenzetu wa vyuo vikuu vya Ulaya, wakiuliza kama kweli inafaa kuongeza maswali ya ulemavu katika uchunguzi wa maji au wa biashara ndogondogo. Nimechoka kuijibu kwa mdomo, mtu mmoja mmoja, kwa hiyo safari hii naandika.

Nilimuuliza kijana yule aliwahesabu vipi. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba huko Kadutu, sehemu ya mji wa Bukavu, akiuliza: "Humu kuna mlemavu?" Daftari lake lilikuwa na safu ndefu ya sifuri.

Sifuri zile zimetoka katika swali lenyewe. Ukitamka "mlemavu" au "kilema" mlangoni kwa watu, wanaona picha moja tu: mtu wa kigari cha magurudumu matatu anayepitisha mizigo mpakani, au kipofu anayeomba kando ya barabara. Baba ambaye mguu wake haukupona vizuri baada ya ajali ya pikipiki atakwambia yeye ni mgonjwa tu. Mama wa mtoto asiyesema atakwambia mtoto anachelewa, atasema. Familia nyingine inaelewa vizuri unachouliza, lakini ina binti wa kuoza, na haitaki jambo hilo lizunguke mtaani.

Nikarudi naye kwenye nyumba moja ya mbao aliyokuwa ameiandikia sifuri. Mke wa mwenye nyumba akarudia lile lile, "Hapa hatuna kilema, jaribuni avenyu ya chini." Nyuma yake, kwenye kigoda, bibi mmoja alikuwa anachambua maharagi. Hakuwa anayaangalia. Kila punje aliipitisha katikati ya vidole viwili, na kila akigusa kijiwe alikitupa ndani ya kopo, tak. Nikamsalimia, nikamwomba ruhusa, nikamuuliza, "Koko, unapata shida kuona?" Akacheka. "Wewe nakuona kama moshi. Sauti ndiyo naishika." Mkwewe akaingilia haraka, "Lakini huo si ulemavu, ni uzee." Mwanafunzi wangu akafuta sifuri yake bila mimi kusema neno.

Maswali ninayotumia si yangu. Yametungwa na Kundi la Washington, lililoanzishwa mwaka 2001 chini ya Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa, na yako sita: je, unapata shida kuona hata ukivaa miwani, kusikia hata ukiwa na kifaa cha masikio, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka mambo au kutuliza mawazo kwenye jambo moja, kujihudumia, kama kuoga au kuvaa, na kuelewa au kueleweka unapoongea lugha yako ya kila siku. Majibu ni manne: hakuna shida, shida kidogo, shida kubwa, siwezi kabisa. Anayejibu "shida kubwa" au "siwezi kabisa" hata kwa swali moja tu, anahesabiwa. Neno ulemavu halitajwi popote, na hilo lilifanywa kwa makusudi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya watu wote duniani, wanaishi na ulemavu mkubwa. Kongo sensa yetu ya mwisho ni ya mwaka 1984. Sasa niambie, huo "uchache" wa Kadutu, au wa Bagira, umetoka kwenye hesabu gani? Umetoka machoni pa anayepita barabarani, na barabara zetu za mlima, zenye ngazi za udongo zinazoliwa na mvua kila masika, ndizo hasa zinazowazuia watu hao kutoka nje wakaonekana.

Jambo moja nawasihi wote: msitafsiri mkiwa mlangoni. Swali la nne, lile la kukumbuka, ndilo linaloharibika zaidi. Kijana mwenye haraka analigeuza kuwa "Uko na shida ya akili?" Hapo amemtukana mwenye nyumba, na mazungumzo yamekwisha. Andikeni tafsiri mapema, ya Kiswahili chetu na ya Kimashi, lugha ya Bashi wa huku, mkae nayo pamoja na watu wa vyama vya walemavu, wawasahihishe, halafu kila mchunguzi asome neno kwa neno. Na mjue mipaka ya chombo chenyewe. Kwa watoto tumieni maswali maalum yaliyoandaliwa pamoja na UNICEF, kwa sababu haya sita hayakutungwa kwa mtoto mdogo. Mtu aliyevunjwa moyo na vita, asiyelala usiku, anaweza kujibu "hakuna shida" mara sita mfululizo. Kwa huyo kuna orodha ndefu zaidi, yenye maswali ya hofu na huzuni.

"Mlezi atajibu vizuri zaidi." Hapana. Mlezi anajua kinachomchosha yeye. Nimemwona kaka wa mtu akieleza kwa dakika kumi kwamba ndugu yake anahitaji kigari, naye ndugu mwenyewe, alipopewa nafasi, akasema anataka kujifunza kushona. Mlezi anajibu pale tu ambapo mwenyewe hawezi kabisa, na karatasi iandikwe wazi kwamba aliyejibu ni mlezi.

Kwa viziwi, msimkamate mtoto wa nyumba awe mkalimani wa mambo ya mama yake. Tafuteni mkalimani wa lugha ya alama, na ikiwezekana mchunguzi ambaye ni kiziwi mwenyewe. Kiziwi asiyepita shuleni mara nyingi hajui alama za shuleni. Ana alama za nyumbani kwao, na mkalimani kutoka mjini anaweza kukwama pale ambapo kiziwi mwenzake anafika.

"Kupooza ni laana." Ugonjwa wa konzo hupooza miguu yote miwili ghafla, tena kwa kudumu, na chanzo chake ni sumu ya sianidi katika muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, kwa watu ambao mlo wao umepungukiwa protini. Umeripotiwa hata huku Kivu ya Kusini. Loweka muhogo siku za kutosha. Hakuna mchawi humo.

"Kongo haina sheria ya walemavu." Iko. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 kinawataja. Nchi ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na sheria namba 22/003 ilitoka tarehe 3 Mei 2022. Kuitekeleza ni vita nyingine, lakini msiandike kwamba haipo.

Na hii ya mwisho inaniuma, kwa sababu imenipata: "Ushirikiano wa vyuo vikuu ni wao kuandika na sisi kukusanya." Miaka kadhaa iliyopita tulifanya kazi na chuo kimoja cha nje. Maswali yalikuja yamekwisha fungwa, tukayajaza kwenye simu, tukatuma. Makala ilipotoka, majina yetu yalikuwa kwenye mstari wa shukrani. Mama mmoja wa chama cha walemavu, aliyetufungulia milango mtaa mzima akiwa juu ya kigari chake, hakutajwa hata hapo. Ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa wenyewe, katika kifungu cha 4, unataka watu wenye ulemavu washauriwe kwa karibu na washirikishwe katika maamuzi yanayowahusu, na kifungu cha 32 kinataja ushirikiano wa kimataifa katika utafiti.

Tangu siku hiyo, naanza na bajeti. Kabla ya tiketi za ndege na kabla ya warsha hotelini, natafuta mistari miwili: pikipiki ya kumpandisha mchunguzi mwenye ulemavu mpaka Kadutu juu, kila siku ya kazi, na malipo ya mkalimani wa lugha ya alama. Halafu nauliza nani kutoka vyama vyao alikaa mezani maswali yalipotungwa, na ni tarehe gani matokeo yatarudishwa kwenye avenyu yalikotoka, yasomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, koko wa maharagi akiwepo. Mradi usio na majibu hayo siutii saini.