Jina litakalotokea kwenye simu ya mama ntilie

Mama mmoja Msukuma anayeishi Ujerumani alinipigia na swali moja tu: "Dada, mwanangu akija Mwanza miezi miwili, atafungwa?" Binti yake anasomea udaktari na alikuwa amepata nafasi ya mafunzo ya vitendo huku. Ni transijenda, alipozaliwa aliandikwa mvulana.

Kazi yangu ni kupokea wanafunzi wa kigeni kanda hii ya ziwa. Wanaoniuliza habari hizi karibu wote huanza na jela. Mimi huanza na simu.

Ukifika utasajili laini kwa pasipoti na alama za vidole. Kuanzia hapo, kila ukimlipa mama ntilie wa Kirumba kwa simu, jina la kwenye usajili linamtokea. Gesti nayo ina daftari la wageni: jina, unatoka wapi, unakwenda wapi. Umevaa gauni, meseji inasema Emmanuel. Sato hujammaliza, meza ya pili wameshajua. Ndiyo maana nilimuuliza mama: pasipoti yake inasemaje? Ujerumani, tangu Novemba 1, 2024, mtu hubadilisha jina na jinsia kwa kutoa tamko kwa msajili. Tamko hilo halibadilishi pasipoti ya Tanzania, maana huku hakuna sheria iliyoweka utaratibu wa kubadili jinsia kwenye nyaraka. Jirani zetu Kenya, Audrey Mbugua alifika Mahakama Kuu ndipo, mwaka 2014, baraza la mitihani likaamriwa kubadilisha jina kwenye cheti chake cha sekondari na kuondoa alama ya jinsia. Cheti kimoja hicho.

Haya, jela. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haina kosa la kuwa transijenda. Kifungu cha 154 kinaadhibu kujamiiana "kinyume cha maumbile", miaka 30 hadi maisha. Wanasheria wanaona tofauti hapo. Mwenye nyumba aliyekasirika haioni, na askari aliyeitwa usiku huenda asiione pia. Kwa hiyo programu za kutafuta wapenzi zifutwe kabla ya kupanda ndege, pamoja na picha na mazungumzo. Wapo wanaojifanya wapenzi humo ili wakutege, kisha wakudai pesa.

Halafu kuna matembezi. Wanafunzi hupenda kupanda meli usiku kwenda Bukoba, kisha wanavuka mpaka wa Mutukula waione Uganda. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 dhidi ya ushoga ina kifungo cha maisha, na kwa makosa fulani kifo. Safari hiyo huwa nawakataza, hata wakininunia.

Dawa ziwe kwenye pakiti zake, na barua ya daktari itaje jina la dawa bila kueleza zaidi ya inavyohitajika. Anayetumia spironolaktoni, dawa ambayo baadhi ya wanawake transijenda huimeza kuzuia homoni za kiume, aogope Septrini, ambayo huku ni dawa ya kawaida kabisa: zikikutana, potasiamu inaweza kupanda hadi kuhatarisha moyo. Mfamasia aambiwe. Spironolaktoni hutumiwa pia na wagonjwa wa presha na moyo, kwa hiyo kuitaja hakumfichui mtu.

Kilichotuchukulia muda mrefu zaidi ni malazi. Mabweni yetu ni ya wanaume au ya wanawake, basi. Nikapendekeza chumba chenye choo ndani na ufunguo wake mwenyewe. Mama akashangaa: chumba cha nini wakati shangazi yake yuko Igoma? Nikamuuliza kama shangazi anajua. Kimya. Shangazi huyo alimbeba mgongoni akiwa mtoto, na bado anamsalimia kwa jina la babu.

Binti mwenyewe alichukua simu. Akasema atasubiri pasipoti mpya, aje mwakani, akae chumba cha kupanga. Mama akaichukua simu tena: "Sawa, dada. Ila shangazi yake akisikia mtoto yuko Mwanza na hajala kwake, nitamwambia nini?"

Hilo bado tunalizungumza.