The Wise Man of West Chester: dhana potofu kuhusu tamthilia iliyopotea

Tamthilia ya The Wise Man of West Chester (Mwenye Hekima wa West Chester) ilionyeshwa London kuanzia Desemba 1594, Malkia Elizabeth wa Kwanza akiwa bado anatawala. Leo haujabaki hata mstari wake mmoja. Tunaifahamu kupitia daftari la Philip Henslowe, mwenye jumba la maigizo la Rose, kusini mwa mto Thames. Maneno yake yametoweka, na pengo hilo limejazwa dhana nyingi zisizoitendea haki.

"Ingekuwa nzuri isingepotea." Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu daftari lenyewe linaikanusha. Kufikia Julai 1597 tamthilia hii ilikuwa imeigizwa zaidi ya mara 30. Doctor Faustus ya Christopher Marlowe, inayosomwa vyuoni hadi leo, haifikii idadi hiyo katika daftari hilohilo. Siku zile waigizaji walibadilisha mchezo karibu kila siku, na ule usioingiza watu uliachwa upesi. Tamthilia iliyodumu zaidi ya miaka miwili ni tamthilia ambayo watu waliendelea kuitolea pesa.

Kilichoamua kipi kibaki kipi kipotee ni uchapaji. Mtunzi akishauza mswada wake, haukuwa tena mali yake. Kitabu cha tamthilia hii kilikuwa mikononi mwa mwigizaji mashuhuri Edward Alleyn, na mwaka 1601 kundi lake la waigizaji, Admiral's Men, lilikinunua kwake kwa shilingi 40. Hakuna chapa yake inayojulikana. Tamthilia iliyobaki katika nakala za mkono tu ilikuwa hatarini, hata kama iliwajaza watu ukumbini.

Hata Shakespeare hakuwa salama. Msomaji wa Kiswahili anamfahamu Juliasi Kaizari kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Tamthilia hiyo ilikuwa jukwaani mwaka 1599, lakini haikuchapwa hadi 1623, miaka saba baada ya Shakespeare kufariki, pale waigizaji wenzake walipokusanya kazi zake katika kitabu kimoja kikubwa. Bila kitabu hicho tungebaki na maelezo mafupi ya msafiri kutoka Uswisi, Thomas Platter, aliyetazama mchezo wa Kaizari huko London, na Mwalimu asingekuwa na cha kutafsiri. Makbeth nayo iliokolewa na kitabu hichohicho. Je, tungesema zilipotea kwa sababu hazikuwa na thamani?

"Zote ziliteketea kwa moto." Jumba la Globe liliungua mwaka 1613, ila hilo lilikuwa la kundi jingine. Moto unaohusika zaidi hapa ni wa jumba la Fortune, ambako kundi la Alleyn lilikuwa limehamia. Liliungua Desemba 1621, na vitabu vya michezo viliteketea pamoja na maleba. Lakini moto mmoja hauwezi kubeba lawama zote. Bunge lilifunga majumba ya maigizo mwaka 1642, makundi yakasambaratika, na miswada ikabaki bila mtu wa kuitunza.

"Daftari la Henslowe ni shajara." Wengi huliita hivyo, lakini ni kitabu cha hesabu: mapato ya maonyesho, mikopo kwa waigizaji, malipo kwa watunzi. Limehifadhiwa Dulwich College, shule iliyoanzishwa na Alleyn, ambaye mke wake alikuwa binti wa kambo wa Henslowe. Wala si kila neno lililomo liliandikwa enzi hizo. Katika karne ya 19 mtaalamu John Payne Collier alipenyeza humo maandishi ya kughushi, na wahariri waliomfuata walilazimika kuyachambua na kuyatenga.

"Tamthilia yenyewe ipo, ila kwa jina jingine." Hili lina watetezi makini. Mswada wa mtunzi wa enzi hizo Anthony Munday, John a Kent and John a Cumber, umehifadhiwa katika maktaba ya Huntington huko California, na unasimulia wachawi wawili wanaoshindana, kisa kikiwa Chester, mji ulioitwa pia West Chester. Watetezi huongeza kwamba orodha ya vifaa vya jukwaani vya Admiral's Men ya mwaka 1598 inataja "mguu wa mbao wa Kent". Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Jina tulilonalo linataja mwenye hekima mmoja, wakati Munday anapambanisha wawili. Tena tarehe iliyo kwenye mswada wa Munday imesomwa na baadhi ya wataalamu kuwa 1590, miaka minne kabla Henslowe hajaandika The Wise Man daftarini kwa alama aliyozoea kuiwekea michezo mipya. Mimi naungana na wanaozihesabu kuwa tamthilia mbili, kwa sababu kuziunganisha kunatufanya tuamini tumeshaipata ile iliyopotea, na aliyekwisha kupata haendelei kutafuta.