Turubai likishakunjwa: maswali na majibu kuhusu kumfariji aliyefiwa

Siku tatu za mwanzo msiba haukosi watu. Turubai limefungwa, viti vya kukodi vimepangwa, kina mama wako kwenye mafiga, daftari la rambirambi linazunguka. Kisha matanga yanaanuliwa, vijana wanakunja turubai, ndugu wa mikoani wanawahi basi la alfajiri, na mfiwa anabaki kutafuta masufuria ya watu ya kurudisha. Maswali mengi huwa ni ya siku za turubai. Majibu yangu mengi yatakusogeza kwenye siku zinazofuata.

Nikifika msibani naishiwa maneno. Niseme nini?

"Pole" inatosha. Neno hilo halihitaji mkia, na mikia ndiyo inayoumiza: "jikaze, wewe ndiye mkubwa", "bado kijana, utaolewa tena", "Mungu kampenda zaidi". Wakristo tunapenda kumwambia mfiwa "Bwana alitoa, Bwana ametwaa", tukisahau kwamba Ayubu aliyasema hayo kwa kinywa chake, hakuambiwa na mgeni. Rafiki zake walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno, na kwa maoni yangu hapo ndipo walipomfaa zaidi. Walipoanza kumweleza sababu ndipo walipoharibu.

Kama ulimfahamu marehemu, mtaje. "Baba yenu ndiye aliyenifundisha baiskeli" ni faraja kuliko hotuba. Watu huogopa kwamba watamkumbusha mfiwa. Hajasahau.

Kaka yetu hajatoa hata chozi tangu mama afariki. Anaumwa?

Pengine hapana. Kuna anayelia siku ileile, kuna anayekufa ganzi akashughulikia jeneza na magari, akaja kulia mwezi wa pili akikuta miwani ya mama kwenye droo. Zile hatua tano za huzuni zinazotajwa sana (kukataa, hasira, kujadiliana, sononeko, kukubali) zilitolewa mwaka 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross, na alizieleza kutokana na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Si ngazi ambayo kila mfiwa lazima aipande. Msimlazimishe kulia, wala msimlazimishe kusimulia.

Mama halali. Tumnunulie vidonge vya usingizi?

Msimnunulie. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 inasema dawa za usingizi na za kutuliza za jamii ya diazepamu zisitolewe kwa mtu mzima kwa sababu ya kufiwa tu, bila ugonjwa wa akili. Zinazoeleka haraka, zinamwangusha mzee usiku akienda chooni, na huzuni anaikuta palepale akiamka. Kwanza tazameni anakolala: jamvini, taa inawaka, watu wanapiga soga hadi saa nane za usiku. Mpeni chumba na kitanda.

Tena ulizeni dawa zake za kila siku ziko wapi. Hili linasahaulika mno. Mama wa presha amehamia kwa marehemu na kanga mbili, vidonge vimebaki nyumbani kwake juu ya kabati. Anayechoma insulini anaendelea kuchoma huku hali chakula, sukari inashuka hadi anazimia, na watu wanasema ni uchungu. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI anaona haya kuzitoa mbele ya umati. Mtu mmoja apewe kazi hiyo tu: dawa, maji ya kunywa, na chakula japo uji. Akilalamika kifua kinabana au pumzi inakata, apelekwe hospitali. Mshtuko mkubwa unaweza kudhoofisha moyo ghafla, na kwa dalili tu huwezi kuutofautisha na shambulio la moyo.

Shoga yangu yuko eda. Nilimwambia "ukihitaji chochote niambie", kimya.

Hatakwambia. Kuomba nako ni kazi, naye hana nguvu. Mwambie: "Kesho saa moja nampitia mtoto, nampeleka shule." Angalia vitu alivyokuwa akivifanya marehemu: nani ananunua umeme wa LUKU kama namba ya mita ilikuwa kwenye simu ya mumewe? Gesi imebaki kiasi gani? Eda ni miezi minne na siku kumi, au hadi ajifungue kama ni mjamzito. Huo ni muda mrefu wa kukaa na kuta. Chagua siku, labda kila Jumatano alasiri, na usiikose. Akiugua, eda haimzuii kwenda kutibiwa. Na Idd ya kwanza bila mumewe, usisubiri akualike.

Mdogo wangu alijifungua mtoto akiwa ameshafariki. Wazee wamesema msiba huu usizungumzwe.

Hapa ndipo nisipokubaliana na wazee, kwa heshima zote. Mara nyingi mtoto huzikwa mama akiwa bado wodini, na akirudi anakuta vinguo na beseni vimeshaondolewa. Muulizeni kwanza. Kama mtoto alishapangiwa jina, mtajeni kwa jina hilo.

Na kuna jambo ambalo huwa hakuna anayemwonya: maziwa. Kati ya siku ya pili na ya nne kwa kawaida matiti hujaa, yanakuwa magumu na ya moto, yanavuja akisikia mtoto wa jirani analia. Wengine huyafunga kwa kanga hadi yabane; msifanye hivyo, yataumia na yanaweza kuvimba. Avae sidiria inayoshika bila kubana, aweke kitambaa cha maji baridi, ameze paracetamol. Akizidiwa akamue kidogo tu apate nafuu. Akikamua yote mwili utatengeneza mengine. Homa, wekundu kwenye titi, damu inayotoka kwa wingi au uchafu wenye harufu ni safari ya kituo cha afya siku hiyohiyo. Na baba wa mtoto apewe pole pia. Watu humuuliza tu, "mama anaendeleaje?"

Mtoto wa miaka minne anauliza bibi yuko wapi. Tumwambie amesafiri?

Hapana, atamsubiri. Ukisema "amelala" anaweza kuogopa kulala. Mwambie bibi amefariki, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, na si kosa la mtu. Atauliza tena kesho. Jibu vilevile.

Huzuni ikifika wapi tutafute mtaalamu?

Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022 inatambua huzuni iliyopitiliza: zaidi ya miezi sita, makali hayapungui, mtu hawezi kazi wala kujihudumia, na imevuka mila na dini yake inavyotarajia. Hapo mpelekeni kituo cha afya, waombe rufaa ya afya ya akili.

Lakini msingoje miezi sita mkisikia "namfuata", mkiona anagawa vitu vyake, au pombe imekuwa ya kila siku. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizi wazo. Akikubali, asiachwe peke yake, sumu ya panya na dawa za shamba zitolewe nyumbani, na mwende hospitali.

Rafiki yangu alifiwa miezi miwili iliyopita. Sikwenda, sasa naona aibu.

Nenda. Wenzako walishaondoka, kwa hiyo viti vipo. Sema "nimechelewa, pole", usijieleze sana. Kama mkono mtupu unakusumbua, beba kilo ya sukari, chemsheni chai.