Timu ya Mbali: Saa, na Wanaonyamaza

Naongoza timu ya kutengeneza programu nikiwa hapa Tanga. Wenzangu wengine wako Berlin, Bengaluru na New York. Watu huniuliza kuhusu lugha, lakini Kiingereza cha kazini kinatutosha. Vinavyonisumbua ni saa, na kimya.

Mtu wa Tanga akiandika "tukutane saa 3" ana maana ya 9:00. Mialiko yetu yote basi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, pamoja na UTC, yaani saa ya rejea ya dunia nzima. Sisi ni UTC+3 mwaka mzima, ila wenzetu hawatulii: Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, Ujerumani hungoja Jumapili ya mwisho. Katika majira yao ya baridi, saa kumi jioni kwetu ni saa mbili asubuhi New York na saa nane mchana Berlin. Katikati ya Machi, New York wanakuwa saa tatu na Berlin hawajasogea. Bengaluru wametutangulia kwa saa mbili na nusu, na ile nusu ndiyo husahaulika. Mwezi wa Ramadhani sisogezi kikao mbele, watu wanawahi futari. Ijumaa saa saba mchana sipangi chochote.

Kimya ni kigumu zaidi. Vijana wengi wa hapa wamelelewa kutompinga mkubwa mbele za watu. Ukiuliza kikaoni "kuna mwenye pingamizi?", wanaitikia vizuri, kisha kazi inakwama. Swali hilo siliulizi tena. Pendekezo hutumwa siku moja kabla, na kila mtu lazima aandike walau hatari moja anayoiona. Wa cheo cha chini huandika kwanza, mimi wa mwisho. Kijana akitaja kasoro kwa njia hiyo hajamvunjia mtu heshima, ametumwa.

Wapo wanaotegemea alama za utamaduni wa kila taifa za Geert Hofstede, yule Mholanzi aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa IBM ya miaka ya 1967 hadi 1973. Zinafaa kuanzia mazungumzo, lakini ni wastani wa nchi. Hata mtu wa Chumbageni na wa Lushoto hawafanani, na mkoa ni mmoja! Mimi humuuliza kila mgeni kwenye timu: ukikosea, nikwambie mbele ya wenzako au pembeni? Wapo Wajerumani wanaochagua pembeni.