Chakula cha kutagia si cha banda zima

Ujiji na Mwanga, mjini Kigoma, utasikia wafuga kuku wakisema: "Nunua mfuko mmoja wa chakula cha kutagia, wale wote, mama na vifaranga." Hapana. Chakula hicho kina kalsiamu karibu asilimia 3.5 hadi 4, kwa ajili ya ganda la yai; kifaranga anahitaji takribani 1 tu. Ziada huharibu figo taratibu, nawe utalaumu mdondo, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle. Banda likiwa moja, wape wote chakula cha kukuzia, kisha weka pembeni chombo cha maganda ya mayai yaliyokaushwa na kupondwa. Mtetea anayetaga atayafuata mwenyewe. Vifaranga wachanga huhitaji protini zaidi. Watilie chakula chao chini ya tenga, mama asifikie. Na dagaa? Wazuri, ila wakizidi mayai hunuka shombo.