Gist inapokea picha, ila si kwa mlango wa mbele

Wengi wanaoweka vipande vya msimbo wa programu kwenye Gist, sehemu ya tovuti ya GitHub ya kuvihifadhi na kuvishiriki, huamini kwamba pale panaingia maandishi tu. Kosa lao linaeleweka: ukurasa wenyewe unakupa kisanduku cha kuandikia, basi. Lakini kila Gist ni hifadhi kamili ya Git, programu inayotunza faili na historia ya mabadiliko yake, na Git haibagui faili. Picha ya PNG inaingia kama faili nyingine yoyote.

Unda Gist yenye faili moja ya maandishi, hata mstari mmoja. Nakili anwani yake, fungua teminali (dirisha la kuandikia amri), andika git clone ikifuatwa na anwani hiyo. Tia picha kwenye folda iliyoshuka, kisha git add (kuiongeza), git commit (kuirekodi kwenye historia), git push (kuipeleka GitHub). Pakia ukurasa upya, utaikuta.

Usiiweke ndani ya folda nyingine, maana Gist haipokei folda na push itagoma. Linalowaponza watu hasa ni hili: ukiifuta picha baadaye kwa commit mpya, nakala yake inabaki kwenye historia. Na Gist iitwayo ya siri si ya faragha. Mwenye kiungo anaiona.